Ukuta wa Mafuriko

Katibu wa mradi aliomba kisima. Mkewe alikuwa amehamia kwa dada yake, kwenye maji ya bomba, na aliapa hatarudi mpaka maji yatoke. Wafadhili wakaleta ukuta wa kuzuia mafuriko, juu ya kilima kikavu kau.

“Mhandisi, hapa mafuriko yatatoka wapi jamani?” katibu akauliza.

Mhandisi wa wafadhili akaupapasa ukuta. “Kwetu bahari ilivamia, ikazoa kijiji kizima cha bibi yangu. Tangu hapo, mtu akitutajia maji, sisi tunajenga ukuta.”

Katibu akatoa simu. Akampigia mkewe.

“Kisima tayari?”

“Tumepata ukuta, mama watoto. Mrefu huo!”

Mke akacheka mpaka akapaliwa, kisha akakata simu. Katibu akachukua ndoo moja, akashika njia ya bondeni kuteka maji. Zamani, yeye na mkewe, walibeba mbili.