Mlango Ulioegemezwa Ukutani

Komeo lilivutwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kabla ya adhana. Ilikuwa sauti ndogo tu, chuma juu ya chuma, kisha kimya. Ayuma aliisikia akiwa kitandani na akajua kwamba hilo si komeo la mlango wake. La kwake lilikuwa zito na lililia kila likiguswa. Hili lilikuwa limetiwa mafuta na mtu aliyelijali.

Alivaa kandambili, akajifunga leso na kwenda sebuleni. Zilikuwa hatua nne. Mlango ulioletwa jana yake kutoka mtaa wa Kiamaiko, ambao ulikuwa umeegemezwa ukutani baina ya kabati la vyombo na kalenda ya kanisa, ulikuwa wazi. Mwanamke mfupi mwenye buibui alisimama hapo, ameshika jagi la maziwa lililofunikwa kwa kisahani.

"Asalaam aleikum. Bi Zaitun yuko?"

"Hayuko hapa," Ayuma alisema. "Mimi ni Mama Mideva."

"Mimi Hayat, jirani yake. Haya ni maziwa yake. Magoti humkaza asubuhi, hawezi kufika dukani." Alilitua jagi mezani, akatazama viti, akatazama jiko. "Mwambie ayachemshe mara mbili. Ya leo yametoka mbali."

Akaondoka na kurudishia mlango nyuma yake. Ayuma aliufungua tena ili aone kama mama wa watu ana mwanga wa kutosha njiani. Nyuma ya mlango palikuwa na ukuta wake, na ile alama ya unyevu iliyokuwapo tangu mvua za Aprili. Alienda kuyachemsha maziwa, mara mbili kama alivyoagizwa.

Nyumba hiyo ya mtaa wa Mbotela haikuwa yake. Alikuwa mpangaji wa kaunti tangu Bwire alipomwoa, miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote kaunti haikugusa bawaba zake. Alikuwa amefunga pakiti za biskuti kiwandani hadi vidole vikajipinda, akastaafu, na marupurupu yake akayaongezea mkopo wa sako, chama chao cha akiba, ili anunue ploti ya vyumba vinne Kiamaiko, nyuma ya soko la mbuzi. Dalali alikuwa kijana anayeitwa Luseno, mcheshi, mwenye viatu safi hata siku ya matope.

"Ploti, mathe, ni mtoto ambaye hawezi kuhamia Doha," Luseno alimwambia. Mideva, mwanawe, alikuwa Doha mwaka wa saba, na simu zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi.

Ayuma aliiona ploti mara moja tu kabla ya kuinunua. Alisimama nje mchana, leso puani kwa sababu ya harufu ya mbuzi. Aliona pazia likicheza kwenye dirisha la chumba cha mwisho, na hakuuliza ni la nani.

Lilikuwa la Zaitun. Wapangaji wale wengine watatu walihama walipoambiwa kwamba vyumba vitavunjwa na kujengwa upya, vinane badala ya vinne, kila kimoja na choo chake. Zaitun alikuwa ameishi pale miaka ishirini na miwili, na stakabadhi za kodi zote alizitunza ndani ya kopo la siagi, hata mwezi mmoja haukukosekana. Aliomba miezi mitatu. Alitaka amalize dawa ya magoti, kisha atafute chumba cha chini, kisicho na ngazi, karibu na msikiti.

"Miezi mitatu, sako watakuwa wamekupigia mnada," Luseno alimwambia Ayuma. "Sikiliza, mathe. Ukimtoa mtu, hiyo ni kesi. Ukitoa mlango, hiyo ni ukarabati. Wenye ploti wote hufanya hivyo. Na mlango ni wako, si umenunua nyumba?"

Ayuma alisema sawa. Halafu alimpa Luseno mikate miwili na pakiti ya sukari ampelekee yule mama, kwa sababu hakutaka mtu ang'olewe mlango wake huku hana hata chai. Luseno aliifikisha mizigo yote bila kupunguza kitu. Zaitun alishukuru, akaweka mikate kwenye kabati, na fundi akaanza kulegeza skrubu. Mlango ulikuwa wa mbao nzuri, ya rangi ya asali iliyokaa sana, na Luseno aliona haya kuuacha ukanyeshewe. Aliuleta Mbotela kwa mkokoteni, akalipa mwenyewe.

Baada ya Hayat walikuja wengine. Ayuma alielewa upesi jinsi mambo yalivyokuwa. Waliofika kwa Zaitun wakiangalia mbele waliona pengo lililotundikwa leso, wakaingia hapo na kumkuta. Lakini wale ambao miguu yao ilijua njia na mkono ulikuwa umelizoea komeo, walilivuta bila kuangalia, na hao walitokea sebuleni kwa Ayuma. Walikuwa wengi. Kuna aliyeleta vitunguu. Kuna aliyeleta nguo ya kupunguzwa pindo, akaomba radhi kwa kukosea. Kuna mzee aliyekuja kukaa tu, akakaa, akaenda. Katika siku nne mlango huo uliingiza watu wengi kuliko walioingia kwa mlango wa Ayuma mwaka mzima.

Ijumaa alikuja Magan, mfanyabiashara wa mbuzi, akiwa na maini ndani ya gazeti. Aliinama kupita, maana alikuwa mrefu, na alipojiinua akakutana uso kwa uso na kalenda ya kanisa.

"Lo! Zaitun amebatizwa lini?"

"Hapa ni Mbotela," Ayuma alisema.

"Mbotela! Na mimi nimeacha mbuzi tisa nje." Alimpa yale maini. "Basi kula wewe, mama. Nikirudi nayo, mama watoto ataniuliza kwa nini kila Ijumaa hayafiki nyumbani."

Ayuma alicheka. Hakuwa amecheka sebuleni humo tangu mazishi ya Bwire. Aliyakaanga maini kwa kitunguu cha yule mwingine, akala peke yake, na yalikuwa matamu.

Lakini aliyekuwa na uzito ni yule wa magharibi. Huyo alikuja tangu jioni ya kwanza, jua likishatua. Alikuwa na kofia ya kushonwa kwa mkono na koti la kazi la karakana ya reli. Ayuma alimjua kuwa marehemu kwa sababu maranda ya mbao yaliyokuwa mabegani mwake hayakuanguka alipoketi.

"Mimi Kombo, mume wa Zaitun," alisema. "Nilifariki, huu mwaka wa sita."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Yeye yuko wapi?"

"Ametoka," Ayuma alisema, na moyoni alijiambia kwamba si uongo.

Kombo alikuwa mtu mtulivu. Alipewa chai akaishika kwa mikono miwili, hakuinywa, ila ilipoa haraka kuliko chai nyingine. Alieleza kwamba yeye huja magharibi na kuondoka isha, na kwamba Zaitun humwambia habari za siku, nani ameoa, nani amepandisha bei ya mkaa. Hakuwa na njia nyingine ya kufika. Marehemu hawajui barabara wala majina ya mitaa, alisema. Wanajua kitu walichokishika sana walipokuwa hai.

"Na huu niliushika," alisema, akiupapasa mlango. "Mwenye ploti wa zamani alituwekea bati bovu. Nikamwambia bati lako lichukue. Hizi ni mbao za sakafu ya behewa lililokatwa. Msimamizi aliniruhusu nizibebe mbili mbili kila Jumamosi. Nilimpa Zaitun siku ya Idi."

"Kwa hiyo si wa ploti," Ayuma alisema.

"Wa Zaitun."

Jioni hiyo Ayuma alichukua simu ampigie Luseno. Jina lilikuwa tayari kwenye kioo, na kidole kilikuwa juu yake. Wakati huohuo Kombo alikuwa akilitazama kabati la vyombo, ambalo mlango wake mmoja ulining'inia tangu zamani. "Huyu aliyelitengeneza hili alikuwa na haraka," alisema. "Kesho nitakurekebishia."

Ayuma aliiweka simu chini. Alijiambia, kesho akishamaliza. Miaka kumi na mmoja alikuwa amemngoja Bwire aje hata mara moja, na Bwire hakuja. Mlango aliouzoea Bwire ulitolewa baada ya wezi, ukawekwa wa chuma, na Ayuma mwenyewe ndiye aliyeuagiza.

Kesho yake Kombo alilitengeneza kabati. Kesho kutwa alitazama miguu ya meza. Ayuma alianza kupika chapati saa kumi jioni, akitia samli kama Zaitun alivyokuwa akitia, kwa maelezo ya Kombo.

Huko Kiamaiko ile leso haikuzuia kitu. Mbuzi waliingia mchana, wakala mkeka na pindo la mtandio uliokuwa umeanikwa. Mtu mwingine, ambaye hakuwa mbuzi, aliingia Zaitun akiwa zahanati na kubeba cherehani. Hayat alilala naye siku mbili, mgongo kwenye leso, ili mwenzake apate usingizi. Luseno alimweleza Ayuma mambo haya kwa simu, na sauti yake haikuwa na ucheshi.

Siku ya kumi Ayuma alimpigia. "Rudisha mlango wa watu."

"Umechelewa, mathe. Amehama jana. Mafundi wameshaangusha ule ukuta."

Vyumba vinane vilikamilika mwezi wa nane, na milango yote ilikuwa ya chuma. Saba vilipata wapangaji katika wiki ya kwanza, vijana wanaofanya kazi, waliolipa bila maneno. Sako ilipata pesa yake. Cha nane kilikuwa cha chini, kando ya lango, na kilibaki kitupu kwa sababu rangi ilikuwa bado haijakauka.

Wageni walipungua. Hayat aliacha kuja, maana hakuna tena ukuta wa kuendea. Ni Kombo pekee aliyeendelea, kila magharibi, na kila magharibi aliuliza na kuambiwa ametoka.

Jumapili moja, mvua ikinyunya, mtu alibisha hodi kwenye mlango wa mbele, ule wa chuma. Ayuma alifungua. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye fimbo, viatu vimebebwa mkononi ili visichafue sakafu ya mwenyewe.

"Mimi Zaitun. Magan ndiye aliyenielekeza. Anasema aliniletea maini akanikuta nimebatizwa."

Ayuma alimshika mkono na kumketisha karibu na jiko, akampa taulo. Kwa muda walizungumza kuhusu mvua. Kisha Ayuma akasema, "Bi Zaitun, mlango ule ni wako. Sikujua. Nilipojua, nilichelewa. Uchukue hata leo, nitalipa mkokoteni."

Zaitun aliutazama pale ulipoegemea. Alitoa kona ya mtandio wake akafuta vumbi juu ya komeo.

"Niuweke wapi, dada? Nalala Dandora kwa binti wa dada yangu, nyuma ya pazia. Pazia halina fremu."

Chumba cha nane kilimjia Ayuma akilini kikiwa na kila kitu chake: sakafu ya chini, bila ngazi, msikiti ng'ambo ya barabara. Fundi angeweza kuutoa mlango wa chuma na kuutia huu kwa asubuhi moja. Alifikiria pia yule kijana aliyekuwa ameahidi kukichukua mwisho wa mwezi, na kodi mpya, ambayo ilikuwa mara mbili na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye stakabadhi za kopo la siagi. Alifikiria magharibi sebuleni kwake bila mtu. Maneno yalifika hadi kwenye ulimi. Akasema, "Acha nikuongezee chai."

Komeo likavutwa. Kombo aliingia na maranda yake.

"Umerudi," alimwambia mkewe. "Ulitoka sana safari hii."

"Nilitoka," Zaitun alisema.

Ayuma aliingia jikoni akawaachia sebule. Kupitia mlangoni aliwasikia. Hayat alikuwa amepata mjukuu. Mkaa ulikuwa umepanda tena. Lile goti la kushoto sasa lilikuwa baya kuliko la kulia. Zaitun hakumweleza kuhusu mbuzi wala cherehani, na Ayuma aliuona wema huo, akajua kwamba sehemu yake ametendewa yeye mwenyewe. Alipanga chapati kwenye sahani, sita, akazifunika zisipoe.

Alipozileta, Zaitun alikuwa amesimama, ameshika meza, akitafuta viatu.

"Unaenda wapi?" Kombo aliuliza.

"Naenda kulala. Mvua ikizidi, gari za Dandora hupandisha nauli."

"Kwani si hapa?"

"Hapa ni kwa Mama Mideva."

Kombo aliutazama mlango wake kutoka bawaba ya juu hadi ya chini. Akatazama kabati alilolinyoosha, na meza, na kile kiti ambacho kilikuwa kimeshika umbo la mgongo wake. Ayuma alisimama na sahani mikononi. Zaitun alichukua chapati mbili, akazifunga kwenye mtandio, akashukuru.

"Basi usipotee, Zaitun," Kombo alisema, akijiegemeza vizuri kitini. "Siku ukipata nafasi, uje tena ututembelee."