Bembea ya Ukurasa wa Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa, katika kitini cha hisabati walichosomea wanafunzi wa fizikia, bembea iliyosukumwa mara moja ilizidi kupanda juu bila kuchoka. Mtoto yeyote wa Lubumbashi anajua kwamba bembea hutulia. Lakini mchapaji alisahau alama ya kutoa kwenye ukurasa wa kumi na mbili, na kitini, jamani, hukaririwa tu, hakihojiwi.

Laurentine, mhadhiri msaidizi, ndiye aliyepewa kazi ya kukiandika upya. Aliandika kwa raha miezi minne, akieleza vekta na milinganyo kwa maneno ambayo hata mtu aliyeikimbia hisabati angeyafuata. Alipofika kwenye bembea, akairudisha ile alama. Kakistari kadogo tu. Lakini kitini hakingetoka bila sahihi ya Profesa Donat, mtungaji wa kile cha zamani, mzee mstaafu aliyemlea kimasomo tangu mwanzo. Aliogopa kumwaibisha.

Jumamosi asubuhi akampelekea nyumbani kwake, mtaa wa Hewa Bora. Sebuleni kila kitu kilikuwa mahali pake, hata ile kufuli kuukuu iliyoning'inia kwa kamba dirishani, isiyofunga chochote. Mzee alisoma polepole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akacheka mahali pawili. Alipofika ukurasa wa kumi na mbili, akavua miwani.

"Weye ulijua tangu wakati gani?"

"Prof, tangu mwaka wa kwanza. Paulin njo alinionyesha."

Paulin Mujinga alikuwa akikaa na Laurentine benchi moja darasani. Kwenye mtihani aliiandika ile alama, akapata sifuri, akarudi kwao Mitwaba kulima mahindi.

"Kisha ya matokeo alikuya ku bureau yangu ya kazi na hii kufuli ku kamba," mzee akasema, akielekeza kidole dirishani. "Akaisukuma, ikasimama. Nikamufukuza. Kufuli ikabakia nyuma, nikaileta hapa, nikaisukuma miye mwenyewe."

"Na?"

"Ikasimama. Na ile zéro nikaiacha. Nilisikia haya."

Laurentine alimhurumia, na papo hapo akamkasirikia. Miaka kumi na moja kufuli ilikuwa pale, na mzee akinywa chai chini yake.

Mzee akachukua kalamu, akaandika chini ya ukurasa: *Alama hii ilionyeshwa kwanza na Paulin Mujinga, mwanafunzi. Nilijua kwamba amepatia, nikamwachia sifuri.* Akatia sahihi, mkono umetulia kabisa.

"Na weye, ku examen uliandika nini?"

"Nilifwata syllabus yenu, bila ile alama, Prof."

"Ulipata ngapi?"

"Kumi na munane juu ya makumi mbili."

Mzee hakumlaumu. Alimsogezea kalamu tu. Laurentine akaandika jina lake chini ya la mzee, na kando yake, kwa tarakimu, ile kumi na nane.