Msimu wa Mkungu

Mama Fagio alikuwa ameshafika getini, godoro kichwani, sufuria mkononi, mama mkwe wake asiyeona ameshika pindo la gauni lake, jani lilipoanguka nyuma yao.

Mkataba wake ulikuwa mfupi: kibarua wa msimu, afagie ua wa ofisi na kulala chumba cha stoo mpaka majani ya mti wa mkungu uliopo uani yatakapokwisha. Mkungu hupukutisha mara mbili kwa mwaka. Majani yake, membamba kikonyoni na mapana kwenye ncha, huiva yakawa mekundu kama maini, kisha huachia. Miaka kumi na tisa, yakiisha, Mama Fagio hufunga virago. Safari hii kila mwenye nyumba aliyemwona yule kizee alisema chumba kimeshapata mtu.

“Umesahau moja, mama,” mlinzi akamwambia.

“Mimi? Nimefagia mpaka ardhi ikaomba radhi.”

Wakatazama juu. Matawi yalikuwa matupu, yamepangana ngazi kwa ngazi kama kichanja cha vyombo. Likaanguka la pili.

“Basi rudi. Mimi nalinda geti, silindi majani.”

Kufika adhuhuri yalikuwa yamefika vifundoni. Bwana miti akaitwa, akapima shina, akaandika: *Hauna jani. Unapukutisha.* Akaomba maji ya kunywa.

Karani mkuu aliusoma mkataba mara mbili.

“Haya yatakwisha lini, mama?”

“Uulize mti, mwanangu. Mimi kibarua tu.”

“Mpe ajira ya kudumu,” mama mkwe akadakia, “uone kama mti hautanyamaza.”

“Nafasi hiyo haipo, bibi,” karani akajibu kwa adabu, akamrudishia Mama Fagio ufunguo wa stoo.

Jioni Mama Fagio alitandika godoro palepale, akashusha pumzi kama aliyetua mtungi. Nje majani yalidondoka, ta, ta, ta.

“Yapo bado?” mama mkwe akauliza.

“Yapo, mama. Lala.”

Karani mkuu alihamishwa. Bwana miti alipanda cheo kwa ripoti ambayo hakuna aliyeisoma. Mlinzi alistaafu, akaoa. Mama mkwe alifia kitandani pake, juu yake paa. Mama Fagio yupo, anafagia. Jina lake limo kwenye jalada la vibarua wa msimu, na msimu wenyewe haujaisha.