Boksi Limetoka Lori Gani

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, na ndiyo maana ulimganda Verna Stiltner wiki tatu nzima. Ulisema kwamba majira ya joto yakifika serikali itaanza kuwachukua vijana jeshini kwa lazima, kwa ajili ya vile vita vya ng'ambo. Atakayejiandikisha mapema atachagua kazi yake, ghalani au karakana. Atakayesubiri atavishwa kofia ya chuma na kusukumwa mbele.

Verna alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapo Tipton Ridge, West Virginia. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nane. Mtoto wake ni mmoja tu, Colby, wa miaka kumi na saba, na kwa umri huo kijana haingii jeshini mzazi asipotia sahihi. Karatasi ilikuwa juu ya meza tangu Jumamosi. Sajenti Kessinger, aandikishaye vijana mashuleni, alikuwa amemwahidi Colby karakana, akasema angeifuata Alhamisi.

"Mama, tia tu," Colby alisema, mdomo umejaa mkate. "Unataka nipelekwe mbele na wale waliolala?"

"Nataka usipelekwe popote."

"Hilo halimo kwenye fomu."

Jumanne asubuhi Verna alishika kalamu, akaandika V, akasimama. Kilichomshika mkono ni mazoea ya kazi. Jikoni shuleni, maziwa yakitoa harufu, humuulizi mtoto aliyeyanywa. Unauliza boksi limetoka lori gani, siku gani, nani alilipokea. Kwa miaka kumi na minane alifanya hivyo, na hakuna mtoto aliyeugua mkononi mwake. Sasa habari hii, ya kumtoa mwanawe nyumbani, ameimeza bila hata kunusa.

Alipotoka kazini alipitia saluni ya rafiki yake Twyla, maana Twyla ndiye aliyemletea maneno.

"Ile habari ya kuchukua vijana uliitoa wapi?"

"Runingani, shoga," Twyla alisema. Alikuwa anampaka bibi mmoja rangi ya nywele. "Si kila mtu aliiona?"

"Mimi sikuiona. Niliambiwa na wewe."

Twyla alimtazama kupitia kioo. "Verna, acha utani."

"Nionyeshe."

Twyla akafuta mikono, akatafuta kwenye simu. Mtangazaji alikunja uso kama aliyefiwa, akasema hofu imetanda katika miji ya milimani. Akaja jenerali mstaafu na ramani yenye mishale myekundu. Kisha ikatokea sehemu ya kuegesha magari mbele ya duka lao la vyakula, na hapo, amevaa wavu wa nywele wa jikoni, akasimama Verna mwenyewe. "Wakianza kuwachukua watoto wetu," alikuwa akisema, "sijui nitalalaje."

Alikumbuka. Binti mwenye kipaza sauti alikuwa na adabu zake, tena alimbebea mfuko wa viazi hadi garini. Alimuuliza: tuseme serikali ingeamua kuwachukua vijana kwa lazima, wewe kama mama ungejisikiaje? Verna akajibu jambo la "tuseme" tu. Kwenye video swali lilikuwa limekatwa, limebaki jibu peke yake.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Ni wewe, ndiyo. Mimi ningemwamini mtangazaji? Nilikuamini wewe. Nikasema Verna ni mtu wa serikali, lazima kasikia kitu."

"Mtu wa serikali, Twyla. Napika makaroni."

Bibi aliyekuwa akipakwa rangi alicheka hadi Twyla akamshika kichwa asichafue kiti. "Na mimi," bibi akasema, "nimewapigia wajukuu zangu wanne kuwaambia."

Verna hakucheka. Alikuwa anaiona ile V mezani.

Jumatano alimwita kaka yake, Dewey, aliyekwenda Iraki akiwa kijana akarudi na goti la kuchechemea. Dewey aliisoma karatasi yote polepole, mbele na nyuma.

"Kazi ya kuchagua haimo," alisema. "Karakana haimo. Kilichomo ni miaka ya kutumikia tu."

"Na hilo la lazima?"

"Hilo linataka sheria ipite bungeni. Umesikia imepita?"

"Wakitaka si wataipitisha? Hawa wa vyama viwili wanatukanana mwaka mzima."

"Wanatukanana juu ya bei ya mayai, dada. Vita vikija mikono yao hupanda pamoja. Ila mpaka leo hawajapiga kura hiyo, na siku wakipiga utaiona kwa macho yako. Mimi nilitumwa kutafuta silaha ambazo hazikuwepo. Runinga ilishakuwa na muziki wake wa vita kabla hatujapanda ndege."

Alhamisi Sajenti Kessinger alifika, viatu vinang'aa, akala mkate wa mahindi akasifia. Colby alikaa karibu naye.

"Sajenti," Verna alisema, "hiyo karakana imeandikwa wapi?"

"Hayo tunayapanga mbele ya safari, mama."

"Na kuchukuliwa kwa lazima, sheria imepita lini?"

"Sijasema imepita. Watu wanasema. Hata runingani wamesema."

"Runingani alisema nani?"

Sajenti alitabasamu, akachukua kipande kingine cha mkate.

"Mimi," Verna alisema. "Nilisema mimi, nimeshika viazi." Akairarua karatasi katikati, pamoja na ile V yake, akampa sajenti vipande vyote viwili.

Colby alisimama, masikio mekundu. "Umeniaibisha, mama."

"Nimekuaibisha, sawa. Oktoba unatimiza kumi na nane, sahihi itakuwa yako. Ukitaka kwenda, utakwenda, na mimi nitakufungia chakula. Lakini hutakwenda kwa woga wangu mimi."

Colby alitoka nje. Hakwenda mbali. Aliketi kwenye ngazi za mlango, na sajenti alipompita kuelekea garini, Verna alimsikia mwanawe akiuliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo karakana haikuwa ya uhakika?"

Ijumaa Verna alikata upande wa boksi la makaroni, akaandika kwa kalamu nene, akambandikia Twyla kwenye kioo cha saluni, mahali akina mama hukaa saa nzima wakitazama.

AKINA MAMA, EPUKENI HAYA:
Kujibu swali la "tuseme" mbele ya kamera.
Habari inayosema "watu wanasema" bila kumtaja mtu.
Jenerali wa runingani, mpaka ujue nani anamlipa sasa.
Ahadi ya mdomo kutoka kwa mtu mwenye karatasi.
Kutia sahihi wiki ile ile uliyoogopa.
Kumpigia mjukuu simu kabla hujauliza.