Wazee wa Kukodi

Bwana Kidega wa ofisi ya ustawi wa jamii alikuwa akitafuta wazee. Hakuwatafuta ili awasaidie. Aliwatafuta kama watu wa harusi wanavyotafuta viti vya kukodi: wawe safi, wasiwe wamevunjika sana, na warudishwe jioni.

Alimkuta Safinah uani kwake Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkubwa, akisuka kawa ya ukili wa rangi. Hakungoja kukaribishwa. Alichuchumaa mbele yake, akatabasamu.

"Jaja, bibi yangu, habari za hapa. Nina kazi ndogo kwa ajili yako. Ni kazi ya kulala tu."

"Kulala?"

"Kulala kitandani, mchana. Unakuja Kasubi, kwenye ile Nyumba ya Matunzo ya Wazee. Mnalala, wageni wanakuja kuwaona, wanaenda zao. Pilau itakuwapo, na kila mzee atarudi kwake na sukari na sabuni."

Mikono ya Safinah ilisimama kwenye ukili. Nyumba hiyo aliijua. Dada yake Zamzam alipoanguka kwa kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa, Safinah alikwenda kwenye ofisi ya Kidega huyu huyu. Alikaa kwenye benchi la mbao mpaka miguu ikavimba. Alipoingizwa hatimaye, Kidega alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Nyumba imejaa, mama. Hakuna hata kitanda kimoja." Safinah akasema hata sakafuni ingetosha, maadamu nesi yupo. "Imejaa," Kidega akarudia, akamwita mtu mwingine. Zamzam alifariki mwezi wa Ramadhani juu ya mkeka, mgongo umeoza kwa vidonda ambavyo Safinah aliviosha kwa maji ya chumvi, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha njia nyingine.

Leo mtu huyo amechuchumaa mbele yake na hamkumbuki hata kidogo. Safinah alimtazama ndevu zake zilizochongwa vizuri, akaona kwamba kumchukia mtu wa namna hii ni kumpa heshima kubwa mno.

"Nitakuja," alisema. "Na wenzangu nitawaleta."

Wenzake walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mama Esperance, jirani yake, Mkongo wa Bukavu aliyekimbia vita na wajukuu mgongoni. Wajukuu wakakua, wakatawanyika, akabaki na samaki wake wakavu wa kuuza. Wa pili ni mzee Saverio, mtu wa kaskazini, aliyelinda maduka ya wenye mali maisha yake yote, na sasa analala kwenye baraza la duka mojawapo, kwa hisani ya mlinzi kijana aliyechukua nafasi yake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda cha miaka, kimefungwa kitambaa ambacho hakuna aliyetaka kukikaribia.

Siku ilipofika, gari lilipita kuwakusanya wazee mtaa kwa mtaa. Kasubi walikuta lango limepakwa rangi ambayo bado inanata mikononi, na juu yake bango lenye picha ya bibi na babu wanaocheka, weupe wote wawili. Ndani, vitanda vilipangwa safu mbili, magodoro yangali ndani ya nailoni. Mtunzaji wa nyumba, Opoka, alikuwa akihangaika kufungua madirisha.

Nyumba ilinuka vitunguu.

"Nini hii?" Mama Esperance aliuliza, akikunja pua. "Ni kama soko."

Opoka alikuwa amechoka kuficha. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba wachuuzi wa vitunguu walikuwa wakiweka mizigo yao humo, na kwamba gunia la mwisho limetolewa asubuhi hiyo hiyo. Nani aliwaruhusu, hakusema. Alitazama tu upande wa Kidega, kisha akaendelea na madirisha.

Safinah alikaa kwenye kitanda alichopewa. Nailoni ikalia chini yake. Kumbe Kidega hakusema uongo, aliwaza. Nyumba ilijaa kweli. Dada yangu alinyimwa nafasi na vitunguu.

Alitaka kulia, machozi yakakataa. Kilichomjia badala yake ni ubaridi fulani, kama wa mtu aliyekwisha kuamua jambo ila bado hajalijua.

Waligawiwa sweta za kijani, zote saizi moja. Mzee Saverio alipotea ndani ya yake. Kidega akapita katikati ya vitanda akiwafundisha.

"Mkiulizwa mnakula nini, semeni uji asubuhi, nyama mchana. Mkiulizwa daktari anakuja, semeni anakuja. Jaja, wewe tabasamu kidogo. Mzee, funika huo mguu."

"Nyumba hii nilisikia imejaa," Safinah alisema.

"Mahitaji ni makubwa, jaja," Kidega alijibu akipita, bila aibu wala kumbukumbu. "Serikali inajitahidi."

Kamati ya ukaguzi ilifika jua limeshakuwa kali, pamoja na watu wa televisheni. Mkuu wake alikuwa Mheshimiwa Alanyo, mama mrefu mwenye miwani, aliyeshika mikono ya wazee kwa upole wa kweli, lakini kwa haraka ya mtu anayengojwa mahali pengine. Aligonga ukuta kwa vidole kama mnunuzi wa nyumba. Aligusa blanketi. Harufu alishindwa kuielewa, akadhani ni chakula cha mchana, akawasifu wapishi.

Akasimama kwa mzee Saverio. "Mzee wangu, umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alisema Saverio, ambaye hakuwahi kujifunza uongo kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Kidega alicheka kwa sauti kubwa. "Uzee, Mheshimiwa. Kwao kila siku ni mpya." Watu wa kamati nao wakacheka, mmoja akampapasa Saverio bega. Kisha Kidega, alipoona kamera imemgeukia, alipanua mikono juu ya vitanda vyote. "Hawa ni wazazi wangu. Nyumba hii ni yao. Hakuna atakayewatoa hapa mpaka Mungu mwenyewe awaite."

Mheshimiwa Alanyo alimgeukia Safinah. "Ni kweli, mama?"

Safinah aliona jasho likitoka chini ya ndevu zile zilizochongwa. Angeweza kusema. Alijua pia kitakachofuata akisema: kamati ingetikisa vichwa, ingeandika ripoti, ripoti ingejibiwa na ripoti nyingine, lango lingefungwa kwa ajili ya uchunguzi, na vitunguu vingerudi kabla ya Ijumaa.

"Ni kweli," alisema. "Umesikia mwenyewe, Mheshimiwa. Tunakaa hapa, na hakuna atakayetutoa."

Kidega alishusha pumzi. Wageni walikula pilau, wakapiga picha, wakaenda.

Magari yalipotoweka, Opoka alianza kukusanya sweta. Kidega alipiga makofi. "Haya, wazee wangu, mmefanya vizuri sana. Gari linangoja. Sukari ipo mlangoni."

Safinah alivua viatu vyake, akaviweka chini ya kitanda, akajilaza. Akavuta blanketi mpaka kifuani.

"Jaja, tumemaliza."

"Nyinyi ndio mmemaliza. Mimi niko kwangu."

Kidega alicheka kwanza. Ni kicheko cha afisa, kinachosubiri wengine wakifuate, na hakuna aliyekifuata. Mama Esperance alitazama gari, akatazama kitanda, akakumbuka chumba chake kinachovuja, akavua viatu. "Mi pia nakaa," alisema. "Ulisema hapa ni kwetu. Dunia yote ilisikia." Mzee Saverio hakuvua chochote, alikuwa amelala tayari, usingizi wa mtu ambaye hajaonja godoro kwa muda mrefu. Wazee wengine walisitasita. Baadhi walichukua sukari yao wakapanda gari, na Safinah hakuwalaumu. Walikuwa na watoto wa kuwarudia. Waliobaki walitosha kujaza safu moja.

"Mnajua mnachokifanya ni kosa?" Kidega alianza kupaza sauti. "Hii ni mali ya serikali."

"Mwanangu," Safinah alisema kwa utulivu, "sisi tulidhani ni mali ya wachuuzi wa vitunguu."

Kidega aliondoka akibamiza mlango, akiamini kuwa njaa itamfanyia kazi. Hakuijua Kampala anayoihudumia. Jua lilikuwa bado juu Shamirah, mjukuu wa Safinah, alipofika na sufuria la maharage kichwani; wanawake wa Kasubi waliosikia habari wakaleta ndizi zilizopondwa na chai. Jioni, Opoka aliwawashia taa. Alikuwa bado hajui ameegemea upande gani, lakini taa aliwasha.

Kesho yake Kidega alirudi na polisi. Inspekta Abudu alikuwa mtu mnene wa polepole, na alisimama mlangoni akiwatazama wazee waliokuwa wakinywa chai.

"Kosa lao ni nini?" aliuliza.

"Wamevamia nyumba ya wazee."

"Hawa si wazee?"

"Ni wazee, lakini si wazee wa hapa, afande."

Inspekta alikuna shingo. "Jana niliangalia habari nyumbani na mama watoto. Nilikuona wewe. Ulisema hawa ni wazazi wako, hakuna wa kuwatoa. Na huyu mama mwenye kilemba nilimwona, alisema neno zuri sana." Alimgeukia Safinah, akamsalimu. "Mama, kaifu?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Karibu chai."

"Afande," Kidega alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nyembamba, "ile ilikuwa ya televisheni tu."

"Basi twende kituoni uandike maelezo hayo," alisema inspekta. "Kwamba uliiambia kamati uongo, na sasa unaomba polisi wakusaidie kuufanya uwe kweli. Ukiandika, nitawatoa."

Kidega hakuandika. Alikaa ndani ya gari lake kwa muda, madirisha yamefungwa, akipiga simu. Safinah alimwona kupitia dirisha akiongea kwa mikono miwili, kama anayeumwagia maji moto usiozimika. Hakumhurumia. Dada yake hakuwa na gari la kukaa ndani yake na kufunga madirisha.

Kilichowaokoa hakikuwa huruma, wala sheria. Mheshimiwa Alanyo alipendezwa sana na alichokiona, akatangaza kuwa atawaleta wafadhili kutoka nje waone mfano mwema wa Kampala. Kwa ajili ya wazee, serikali haikupata hata kijiko. Kwa ajili ya wageni, ilipata kila kitu kwa wiki moja: mpishi, mtungi wa gesi, dawa ndani ya kabati lenye kioo, na nesi aitwaye Darlène, msichana wa Kikongo aliyesomea hapa hapa mjini.

Darlène alifungua kitambaa cha Saverio bila kugeuza uso. Alikisafisha kidonda kwa subira, akiongea naye muda wote juu ya mvua na mpira. Saverio alilia kimya kimya, na alipoulizwa kama anaumia, akasema hapana.

Safinah alisimama pembeni akiangalia mikono ile ya nesi. Aliangalia jinsi anavyoosha, jinsi anavyokausha, jinsi anavyomgeuza mgonjwa ili mgongo upumue. Hiki ndicho alichokosa Zamzam. Hakikuwa muujiza. Alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko, na huko machozi yakakubali.

Wafadhili walikuja, wakaridhika. Miezi michache baadaye palifanyika sherehe, na Kidega akapewa cheti cha utumishi uliotukuka na cheo kikubwa zaidi. Alisimulia mbele ya watu jinsi alivyohangaika usiku na mchana kuijenga ndoto hii. Pengine alikwisha kuamini. Akamwita Safinah aje kwenye kipaza sauti atoe neno la shukrani kwa niaba ya wazee.

Safinah alikwenda, taratibu, akishika nguo yake isiguse vumbi.

"Sina shukrani," alisema. "Mtu akikalia chakula chako mpaka ndugu yako afe njaa, kisha akainuka, humwambii asante kwa kuinuka. Dada yangu aliitwa Zamzam. Bwana huyu aliniambia nyumba imejaa. Muulizeni ilijaa nini."

Hakuna aliyemuuliza. Mshereheshaji alipokea kipaza sauti, akasema wazee wetu wana utani, muziki ukapigwa. Lakini nyuma, kwa wanawake wa Kasubi, watu walikuwa wameacha kula.

Kidega alihamia ofisi yake mpya. Mama Esperance na Saverio walibaki vitandani mwao, na safu ya pili ikaanza kujaa watu wenye kuhitaji. Safinah alirudi kwake Old Kampala, maana yeye alikuwa na mjukuu na chumba, na kitanda chake kikapewa bibi mmoja wa kiharusi.

Hata hivyo hakuiamini nyumba ile. Siku zisizo na wageni uji ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, na alilijua hilo. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala alikwenda Kasubi, akaingia jikoni moja kwa moja. Afisa mpya, kijana nadhifu aitwaye Travis, alimkuta huko siku moja amefunua sufuria.

"Mama, nani amekupa ruhusa ya kukagua?"

Safinah alimwomba mpishi kijiko. Alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Ongeza unga," alimwambia mpishi, akaenda kumsalimia Saverio.