Bomba la Chalao na Chafya ya Lamyai

Chalao hakuwa na haraka na ukuta. Aliupapasa kwa kiganja, pale juu ya jiko, kisha akamwambia mkwewe Thongdam achore mduara wa tundu la bomba la moshi hapo karibu na dari, upande wa uchochoro.

Thongdam, fundi wa viyoyozi mjini Phetchaburi, alikuwa ameshachora wake kwenye ukuta wa nyuma. Huko, alisema, bomba litanyooka moja kwa moja na feni haitachoka. Lakini huko nyuma ndiko kilikosimama kijumba cha mzimu mlinzi wa kiwanja, juu ya nguzo yake, ambacho Chalao alikipelekea wali, maji na shada la maua kila asubuhi.

"Mama, mlinzi si anavuta ubani kila siku? Moshi ameuzoea."

"Ubani, ndiyo. Wewe mtu akukaribishe wali kwa mkono huu, kwa mkono huu akupulizie pilipili usoni. Utamlindia nyumba?"

Thongdam akafuta mduara wake.

Tabu ya upande wa uchochoro ilikuwa dirisha la Lamyai, jirani wa miaka yote, lililotazamana na ukuta ule. Tangu mjukuu wake aanze kukohoa, Lamyai alikuwa amelalamika mpaka kwa mkuu wa mtaa, na mkuu akaamua: moshi ukiingia tena kwa Lamyai, kikaango cha Chalao kitahama. Kihamie wapi, hakusema. Chalao alikuwa akikaanga pilipili kavu na vitunguu saumu na kamba wa kusaga tangu alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi. Bila kikaango hakujua asubuhi ingeanzia wapi.

Mashine ya kutoboa ikaanza kuula ukuta kwa kile chuma chake cha mviringo chenye meno. Vumbi jekundu likajaa mpaka kwenye chungu cha mchele. Thongdam alilitoboa tundu likiinamia nje kidogo, mvua isije ikarudi ndani, akapitisha bomba la bati na kuziba kingo kwa saruji. Mdomo wa bomba ulipochomoza uchochoroni, Lamyai alitoka na kitambaa kibichi mkononi.

"Dada Chalao, zamani moshi wako ulikuwa unanitafuta. Sasa umeuchongea barabara."

"Hatujamaliza, dada."

"Mkimaliza nitakuwa nimeshazikwa."

Chalao alimgeukia mkwewe, akaomba kiwiko cha kulipinda bomba na kipande kirefu cha kulipandisha juu. Thongdam akaeleza kwamba kona huichosha feni, na feni yenyewe ni ndogo. Chalao akamwambia basi afunge ile kubwa aliyoiacha garini akidhani mama mkwe hajaiona. Thongdam akacheka, akaenda kuileta. Kufikia alasiri bomba lilikuwa limepanda ukutani kwa vibanio, likapita ukingo wa paa, likapita hata kimo cha paa la Lamyai, na juu kabisa likavikwa kofia ya bati.

Chalao akamwomba Lamyai arudi kwake, afungue dirisha lote, akae hapohapo. Yeye akaingia jikoni, akawasha moto na feni, akamimina pilipili kavu kwenye kikaango kikavu, konzi mbili zilizojaa, maana kujaribu kwa pilipili kidogo ni kujidanganya. Zikaanza kuwa nyeusi. Moshi ukainuka, ukavutwa, ukapotea, na macho yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika jiko lile, yakabaki makavu.

Ndipo kutoka ng'ambo ikaja chafya. Moja, kubwa.

Thongdam akachungulia mlangoni, uso umemshuka. Chalao hakuzima moto. Pua ya Lamyai aliijua: ikipata pilipili hulipuka mfululizo kama fataki za mwaka mpya, mpaka mwenyewe ashike nguzo. Akaendelea kukoroga, akingoja ya pili.

Haikuja.

Mtaani kwao, mtu asiye na mafua akipiga chafya moja tu, husemwa kuna mahali anatajwa. Lamyai akatoa kichwa dirishani.

"Nani ananisema huko?"

"Mimi," Chalao akajibu toka jikoni. "Namwambia Thongdam chupa ya kwanza ya pilipili hii ni yako."

"Muongo. Sijasikia sauti yako."

"Nimesema moyoni."

Lamyai akavuta hewa polepole kwa pua. Akavuta tena.

"Na mkuu wa mtaa nimwambie nini?"

"Mwambie aje, ila wali aje nao."

Lamyai akasema atamwambia. Akasema pia kwamba bomba lile ni baya kama mguu wa bata, na kama atalitazama kila siku basi lipakwe kijani, rangi ya madirisha yake, na rangi iliyobaki anayo uvunguni. Thongdam akavuka uchochoro kuifuata. Chalao akatia vitunguu saumu.