Mstari wa Chini

"Soma mstari wa chini," karani akaniamuru, macho yake kwenye simu.

Nilikuwa nimekuja kuongeza muda wa leseni yangu ya udereva, na kilichobaki kilikuwa kupimwa macho tu. Ubao wa herufi ulitundikwa ukutani, ila mwerevu mmoja wa ofisi hiyo alikuwa amesukuma kabati la mafaili mbele ya ubao, likaziba nusu ya chini yote.

"Naona kabati," nikamjibu.

"Mbona wenzako wote wanasoma?"

Walisoma, ndiyo! Aliyenitangulia, mzee mmoja dereva wa lori, alizitaja herufi hizo kama kasuku. Hazijabadilishwa miaka nenda miaka rudi, na foleni nzima inazijua kwa moyo.

"Kaka, sogeza kabati, nitakusomea."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha kusogeza kabati!"

Foleni ikaangua kicheko. Karani akavimba, akanyakua muhuri, akaubamiza kwenye karatasi yangu: HAONI VIZURI.

"Toka! Mwingine!"

Nikatoka nje kwa hasira. Kwenye maegesho nikamkuta yule mzee, leseni mpya mkononi, akipapasa magari moja baada ya jingine. Aliposikia hatua zangu aligeuka, akatabasamu upande ambao sikuwepo.

"Mwanangu," akasema, "samahani, hebu nishike mkono unipeleke kwenye lori langu. Nimeshachelewa safari."